Jua kali: tuweke mafuta gani ndani ya moteri?

Wandugu wa koperative,

Kila mwaka, jua linapokauka kabla ya mvua ya kwanza, tunapata ulizo lile lile. Lilitufikia tena tulipotembelea koperative moja ya mpunga katika uwanda wa Ruzizi. Papa prezida alitungojea kando ya mashini ya kukoboa, na moteri ilikuwa imefunguliwa, vyuma vyake vimetandikwa juu ya gunia. «Agronomu,» akasema, «sisi tuliona moteri inachoka juu ya jua. Maji yanachemka saa yote. Ndiyo tukasema tuipe mafuta mazito, ile SAE 50, ipate nguvu. Sasa angalia.»

Tuliangalia. Kusine, vile vyuma laini vinavyokumbatia vilebreke, vilikuwa vimechunwa kama vile mtu amevipitisha msumeno. Siku kumi na moja mashini ilisimama, na hii ilikuwa wakati wa kuvuna. Wanamemba walipeleka mpunga kwa mwenye mashini wa mtaani, wakalipa bei yake, na kasha ya koperative ikabaki bila kitu.

Tuanze na maji yale. Moteri yao ni ya mazutu, ya silinda moja, yenye tanki la maji wazi hapo juu, aina ile inayojulikana vijijini kote. Moteri ya namna hiyo haina radiatere ya kupoza maji. Inapoa kwa sababu maji yanachemka na kutoka kama mvuke, na mwendeshaji anaongeza mengine. Maji kuchemka ndani ya tanki hilo si ugonjwa, ni kazi yake. Ugonjwa ni kuacha maji yapungue.

Na hapo kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Maji yakichemka hayazidi joto lake. Huku Ruzizi, kwenye metre karibu 800, yanachemka kwenye digrii 97 hivi. Hata nje kuwe na digrii 24 au 34, maji yale yanabaki kwenye digrii 97 hizo. Kwa hiyo moteri ikisha kupata moto, haijui sana kama ni kipwa ao ni masika. Jua peke yake si sababu ya kubadilisha mafuta.

Sasa namba za bidoni. SAE ni chama cha mainjinia cha Marekani kilichopanga mafuta kufuatana na uzito wake. Uzito hapa si wa kilo, ni namna mafuta yanavyotembea: mepesi yanakimbia kama maji, mazito yanajikokota kama asali. Namba ikiwa moja tu, SAE 30, SAE 40, SAE 50, inaonyesha mafuta yanavyotembea kwenye joto la digrii 100, ndilo joto la moteri inayofanya kazi. Zikiwa mbili, kama 15W-40, ya nyuma ndiyo hiyo hiyo ya digrii 100. Ile ya mbele yenye W inasema mafuta yanavyotembea moteri ikiwa baridi: inavyokuwa ndogo, ndivyo mafuta yanavyofika haraka asubuhi.

Maana yake, moteri ikiwa na moto, SAE 40 na 15W-40 ni mapacha. 10W-30 ni pacha wa SAE 30, na 20W-50 ni pacha wa SAE 50. Tofauti yao inaonekana asubuhi tu. Na asubuhi ndipo moteri inapoumia zaidi, kwa sababu mafuta yote yamelala chini kwenye karteri, na vyuma vya juu vinazunguka vikavu mpaka pompi iyapandishe. Mafuta ya 15W-40 yale yale, kwenye digrii 40, ni mazito karibu mara saba kuliko kwenye digrii 100. Fikiri basi SAE 50 saa kumi na mbili ya asubuhi.

Moteri ya wandugu wale ina kidude chekundu hapo juu kinachopanda mafuta yakifika. Mwendeshaji, kijana mwenye bidii, alikubali mwenyewe: tangu waweke SAE 50, kidude kilichelewa, naye hakukingojea. Mama mmoja amesimama na gunia lake, mwingine nyuma yake, akafunga mukanda na kuanza kazi mara moja.

Lakini tusiseme uongo: SAE 50 peke yake haikuua moteri ile. Fundi alipofungua aliona mafuta yako chini ya alama ya mwisho ya joje, na vidanji haikufanywa kwa miezi miwili. Mafuta mazito yalikuwa kosa la tatu juu ya makosa mawili. Tena yaliwafunga macho, kwani walijisikia wameishaleta dawa, hawakutafuta kitu kingine.

Basi tuweke nini? Neno la kwanza ni la kitabu cha mashini, ao kibati kilichopigwa kwenye moteri. Kama kitabu kimepotea, haya ndiyo tunayoshauri. Moteri ya mazutu ya kukoboa ao kusaga, kwenye uwanda wenye joto: SAE 40 ao 15W-40. Mkiweza kulipa, chagueni 15W-40, na kwa walio milimani, kwenye asubuhi za baridi, hiyo ndiyo inayofaa, SAE 40 ya namba moja muiache kwa watu wa chini. Trakta na kamyo za mazutu, vilevile mara nyingi 15W-40. Angalieni pia herufi za API: za mazutu zinaanza na C, za esansi na S. Bidoni ya S peke yake si ya moteri ya mazutu, hata namba ikiwa sawa.

Pompi ndogo ya maji ya esansi, ile ya kumwagilia mboga, inapozwa na upepo, haina maji ya kuchemka. Hiyo ndiyo inayosikia jua kweli. Ikifanya kazi mchana kutwa kwenye joto la kupita digrii 27, 10W-30 inaweza kupungua haraka, inaunguzwa kidogo kidogo. Kwa kipwa katika uwanda SAE 30 ni nzuri. Ukiwa na 10W-30 usiitupe, lakini angalia joje kila asubuhi, kwani karteri yake inabeba karibu nusu litri tu, na glasi moja ikipotea ni nyingi. Futa pia vumbi na majani kwenye mapezi ya silinda. Mara nyingi dawa ya joto ni burashi.

Na pikipiki inayobeba mavuno? Zingine zinaomba 20W-50, zingine 10W-30, fuateni kitabu. Tafuteni tu alama JASO MA. Ambreyaji ya pikipiki nyingi inaoga ndani ya mafuta hayo hayo, na mafuta fulani ya gari yanaifanya iteleze ukipanda mlima na magunia mawili.

Kuna wanaosema: moteri yangu imezeeka, inakunywa mafuta, inatoa moshi wa buluu, na SAE 50 imenisaidia. Tunawasadiki. Moteri iliyolika ina nafasi kubwa kati ya vyuma, na mafuta mazito yanaziba kidogo. Lakini hiyo ni fimbo ya kutembelea, si mguu mpya. Itumieni mkimaliza mavuno, huku mkiweka feza ya segima na kusine.

Sasa kuhusu vidanji, ndipo koperative nyingi zinapotea. Mnahesabu miezi, moteri inahesabu saa. Moteri ya mazutu ya aina hii inaomba vidanji kila saa 100, na kwenye vumbi mingi ni vizuri kufanya mbele ya hapo. Mashini ikifanya saa sita kwa siku, siku sita kwa juma, saa 100 zinatimia mbele ya majuma matatu. Wakati wa kuvuna, mkikoboa saa kumi kwa siku, zinatimia kwa siku kumi! Anayengoja mwisho wa mwezi amepitisha saa 260. Daftari dogo lenye uzi, likining'inia karibu na mashini, linatosha: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kusimama.

Msihukumu kwa rangi. Mafuta ya mazutu yanakuwa meusi baada ya saa chache, kwani yanabeba masizi, na hiyo ndiyo kazi yake. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia. Yakinuka mazutu na kuwa mepesi kwenye vidole, mazutu inavuja ndani, na namba ya bidoni haina maana tena. Simamisheni moteri, muite fundi.

Mama kasiye aliuliza: atajuaje kama bidoni ya soko si uongo? Njia moja ya kusaidia ni hii. Chukua chupa mbili ndogo sawasawa. Moja ujaze mafuta unayoyaamini, nyingine yale ya soko, ukiacha nafasi ya kidole kimoja. Zikae pamoja kivulini saa moja, kisha uzigeuze kwa mara moja na kuangalia pofu la hewa linavyopanda. Kama mote mnasomeka namba moja, na pofu moja linaruka huku lingine linatambaa, usinunue. Mapofu yakienda pamoja, haionyeshi bado kwamba mafuta ni safi, basi angalieni pia kifuniko kama kimewahi kufunguliwa.

Mafuta ya vidanji msiyamwage karibu na mfereji wa mpunga. Yarudishwe ndani ya bidoni yenye alama, mbali na ile mpya, kwani tumeona pia mahali ambapo mtu alikosea, akairudishia moteri mafuta ya jana.