Mtoto Asinziaye Darasani



Leo nataka kusema nanyi habari za mtoto asinziaye darasani. Kila mwalimu amjua, na wazazi wengi wamepata kuambiwa, "Mwanao ni mvivu." Mimi nami nimewahi kuandika barua yenye maneno hayo, na nikiikumbuka naona haya, kwa sababu hayakuwa kweli.

Yapata miaka 15 sasa. Nilikuwa sijaletwa bado chuo cha ualimu, nikifundisha darasa la nne katika kijiji kimoja cha mkoa wa Tanga. Palikuwa na mvulana mwenye akili nzuri, lakini kila ilipofika saa 4 za asubuhi kichwa chake kiliangukia dawati. Nikamsimamisha ukutani, akasinzia hali amesimama. Nikamchapa. Siku ya tatu akalala tena. Ndipo nikamwandikia baba yake.

Baba yule akaja mwenyewe, mtu mpole, kofia mkononi. Akaniuliza, "Mwalimu, mvivu huamka saa 9 za usiku?" Nikakosa jibu. Akanieleza kuwa mama wa mtoto hupika vitumbua vya kuuza, na mtoto huyu ndiye atekaye maji kisimani na kuwasha moto. Kisha huja shule bila ya kutia kitu tumboni, kwani vitumbua ni mali ya biashara. Na jioni haendi kulala ila akiisha kuosha vyombo, saa 4 za usiku.

Hesabuni wenyewe. Toka saa 4 hata saa 9 ni saa 5 tu. Mabingwa wa mambo ya usingizi wasema kwamba mtoto wa miaka 6 hata 12 ahitaji kulala saa 9 mpaka 12 katika usiku na mchana mmoja. Yule wetu alipata kama nusu yake. Tena usingizi si kupumzisha viungo tu. Ndio wakati ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yale yaliyosomwa mchana. Mtoto asiyelala vya kutosha huwa msahaulivu, na wengine huwa wakali na wepesi wa kulia, nasi tukadhani ni tabia mbaya. Basi ikiwa ni lazima aamke saa 11 alfajiri, saa 2 za usiku na awe kitandani. Na ile simu ya baba, ambayo siku hizi ndiyo mwizi mkubwa wa usingizi, na ilale chumbani kwa baba.

Sisemi mtoto asifanye kazi. Mtoto asiyejua kushika jembe wala ufagio naye amenyimwa elimu. Nasema kazi iwe na kipimo, ibaki nafasi ya kulala, na ya kucheza pia, maana mchezo si upuzi. Wazazi wale hawakuwa na fedha ya kumwajiri mtu. Lakini wakapanga maji yatekwe alasiri na kujazwa pipani, na mama akawa akimwekea mtoto kikombe cha uji na vitumbua viwili. Vitumbua viwili havikuiua biashara.

Walakini jambo halikuisha. Mtoto alilala vema, akala, na bado alikuwa mnyonge. Alipanda kilima kidogo cha shule akihema kama mzee. Baba yake akampeleka zahanati, wakapima choo chake, wakaona ana safura.

Hapa nataka kukawia kidogo, kwa sababu wengi wana jina la ugonjwa huu bila kujua njia yake. Mayai ya mnyoo wa safura hutoka pamoja na choo cha mtu mgonjwa. Yakiangukia penye udongo wenye unyevu na kivuli, huanguliwa vijinyoo visivyoonekana kwa macho, navyo hungoja mguu mtupu. Zamani watu hawakujua kuwa huingia kwa ngozi. Mtaalamu Mjerumani, Arthur Looss, alikuwa akivichunguza mjini Cairo, Misri, na kwa bahati mbaya maji yenye vijinyoo yakamdondokea mkononi. Pakamwasha, pakawa pekundu; baadaye akayaona mayai ya safura katika choo chake mwenyewe. Habari hizo alizitangaza mwaka 1898. Kutoka ngozini vijinyoo huchukuliwa na damu hata mapafuni, vikapanda kooni, vikamezwa, vikafika matumboni. Huko huuma ukuta wa utumbo na kunywa damu siku zote, na mtoto hupungukiwa damu pole pole pasipo homa ya kumshtua mtu.

Na tusidhani kuwa ni sisi tu tuliokosea. Katika majimbo ya kusini ya Marekani watu maskini walisemwa kwa miaka mingi kuwa ni wavivu kwa asili yao. Mwaka 1909 tajiri John D. Rockefeller akatoa dola milioni 1 za kupiga vita safura. Watoto walipopimwa, ilionekana kama 40 katika kila 100 wanao minyoo hiyo. Walipotibiwa, mahudhurio shuleni yaliongezeka.

Basi mfunueni mtoto kope la chini la jicho: ndani pakiwa peupe badala ya pekundu, au akipenda kula udongo, mpelekeni zahanati. Dawa yake ni rahisi, na katika wilaya nyingi hugawiwa shuleni. Siku hiyo msimfiche mtoto nyumbani. Lakini nyumba isiyo na choo itamrudishia minyoo, na viatu, hata kandambili, humkinga. Damu nayo hurudi kwa chakula: dagaa, maharagwe, mchicha, na maini yakipatikana, pamoja na chungwa au pera. Chai msimpe pamoja na chakula hicho, kwa sababu hupunguza nguvu zake za kuongeza damu.

Yule mvulana alimeza dawa, na baba yake akachimba choo. Hakupona kwa siku moja. Ilipita zaidi ya miezi miwili ndipo nikamwona akikimbia uwanjani pamoja na wenziwe. Barua yangu baba yake alikuwa ameitunza, akanirudishia bila neno. Ningali nayo, na kila mwaka huwasomea vijana wa chuo chetu kabla hawajaenda kufundisha.