Mfanyakazi ahesabiwe anakolala au anakofanya kazi?

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

TUCHUKUE mfano wa mtumishi anayelala mjini Mpanda na kila asubuhi kupanda gari kwenda Sitalike, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Kitanda chake kiko Manispaa ya Mpanda, ilhali ofisi yake iko Halmashauri ya Nsimbo. Wafanyakazi wakihesabiwa, yeye ni wa wapi?

Jibu hutegemea njia ya kuhesabu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutumia zaidi ya njia moja.

Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, kila mtu alihesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia Agosti 23. Utafiti wa Nguvu Kazi, kama ule wa mwaka 2020/21, nao hufanyika katika kaya. Kwa njia hizo mtumishi wetu ni wa Mpanda.

Utafiti wa Ajira na Mapato hubisha hodi kwa mwajiri. Huko mtumishi huyo huhesabiwa kwa ajira yake, wala si kwa nyumba yake. Mwenye ajira mbili anaweza kuhesabiwa mara mbili, lakini mkulima wa mpunga au mchimbaji mdogo wa dhahabu asiye na mwajiri rasmi haonekani kabisa.

Tuseme mji una wakazi 100 wenye kazi. Kati yao 30 hufanya kazi nje ya mji, na wengine 10 huingia kutoka vijijini. Kwa hesabu ya makazi, wafanyakazi ni 100. Kwa hesabu ya mahali pa kazi ni 80. Takwimu zote mbili ni sahihi. Kosa ni kuzichanganya, kwani anayelinganisha ajira 80 na wakazi 100 atadhani watu 20 hawana kazi, kumbe hakuna hata mmoja.

Katika Katavi suala hili si dogo. Mkoa huo uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa ulikuwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo. Miaka 10 baadaye walikuwa 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili.

Madarasa, zahanati na maji ya nyumbani huhitajika pale familia zinapolala. Vyoo vya soko, usafiri na usalama kazini huhitajika pale watu wanaposhinda mchana. Nao ushuru wa huduma hulipwa na wafanyabiashara kwa halmashauri ambako shughuli zao zinafanyika, hata kama watoto wa wafanyakazi wao wanasoma katika halmashauri ya jirani.

Kwa hiyo, diwani au mwananchi anayesomewa idadi ya wafanyakazi wa eneo lake anapaswa kuuliza kwanza: je, hao ni wanaoishi hapa, au ni wanaofanya kazi hapa?