MBWA NA PAKA NYUMBANI: JE, WANAMSAIDIA MGONJWA?

Leo nazungumza nawe mama, na yeyote anayemtunza mgonjwa nyumbani.

Wakati mmoja nilimtembelea mzee aliyepata kiharusi. Mkono na mguu wake wa kushoto vilikuwa vimelegea. Hata hivyo, kila asubuhi alishika mkongojo akatoka nje kumlisha mbwa wake. Mkewe akaniuliza, "Sista, huyu mbwa ana viroboto. Nimfukuze?" Nikajibu haraka, mfukuze. Mbwa akapelekwa kwa jirani.

Niliporudi baada ya wiki mbili, mzee alikuwa amelala akitazama ukuta. Mazoezi hataki, chakula ni kwa kubembelezwa. Akaniambia, "Nitoke nje nimfuate nani?"

Nilikosea. Ugonjwa wa muda mrefu humnyang'anya mtu kazi, matembezi na marafiki. Mnyama anaweza kumpunguzia upweke na kumpa sababu ya kuamka na kutembea. Kwa mwenye kiharusi, presha au kisukari, kutembea kila siku kadiri ya uwezo wake ni sehemu ya matibabu. Lakini elewa vizuri: mnyama haponyi ugonjwa. Dawa zisiachwe, na siku ya kliniki isirukwe.

Je, mnyama ana hatari? Ndiyo, kwa hivyo zingatia haya:

1. Mbwa na paka wachanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Dalili za ugonjwa huu zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kifo. Mtu akiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

2. Mnyama apewe dawa ya minyoo na ya viroboto. Kila mtu anawe mikono kwa sabuni baada ya kumshika, hasa watoto.

3. Kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma. Mama mjamzito, au mtu ambaye kinga yake imepungua kwa sababu ya virusi vya ukimwi, asikisafishe. Mwingine afanye kazi hiyo kila siku.

4. Mgonjwa wa pumu akisumbuliwa na manyoya, mnyama alale nje.

Yule mbwa alichanjwa, akaogeshwa dawa ya viroboto, akarudishwa. Mguu wa mzee haukupona wote, lakini alianza tena kutoka nje na mkongojo wake.

Mama, kabla ya kumfukuza mnyama, muulize mgonjwa anamaanisha nini kwake. Mimi sikuuliza.