Kodi ikikushinda, usihame peke yako



Jumapili hii nakualika tutafakari jambo ambalo ni nadra kulisikia madhabahuni, ingawa linazungumzwa kila siku kwenye daladala, saluni na katika maongezi ya usiku kati ya mume na mke. Ni habari ya pa kuishi. Hasa ile jioni mwenye nyumba anapobisha hodi, anasalimia kwa upole, anaulizia watoto, kisha anasema kwamba mkataba huu ukiisha kodi itapanda, na asiyeweza ajiandae.

Kama jioni hiyo haijakufika, mshukuru Mungu, lakini usifunge gazeti. Aliyefikwa nayo huenda anakaa benchi moja nawe leo ibadani.

Manabii waliokosa nafasi

Fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 6, mistari saba ya kwanza. Wahubiri wengi hukipenda kisa hiki kwa sababu ya muujiza wake, lile shoka lililozama mtoni kisha likaelea. Mahubiri ya shoka tumeyasikia sana. Ni mara chache tunauliza watu wale walikuwa wanatafuta nini pale Yordani.

Walikuwa wanatafuta makazi. Wanafunzi wa manabii walimwendea Elisha wakamweleza kuwa mahali walipokuwa wakikaa pamoja naye hapawatoshi tena. Wakaomba washuke Yordani, kila mmoja akachukue boriti moja, wajenge mahali pa kukaa. Elisha akawaruhusu. Mmoja wao akamsihi afuatane nao, naye akaenda. Wakiwa katika kukata miti, chuma cha shoka la mmoja wao kikachomoka kikatumbukia majini. Mtu yule akalia, maana shoka lenyewe lilikuwa la kuazima. Elisha akauliza limeangukia wapi, akakata kijiti akakitupa pale, na chuma kikaelea.

Angalia mambo manne. Watu wa Mungu walisema waziwazi kwamba nafasi haitoshi, na mtumishi wa Mungu hakuwakemea kuwa wamekosa imani. Kila mtu aliombwa boriti moja tu, si nyumba nzima. Kiongozi hakubaki ofisini akiwaombea, alishuka nao mtoni. Na Mungu hakuliona deni la mjenzi maskini kuwa jambo dogo, kwani yule ndugu hakuwa hata na shoka lake mwenyewe.

Shika hayo manne, kisha turudi mjini kwetu.

Kupanga si kuchagua tena

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka 10 jiji limeongeza watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja wao anahitaji mahali pa kulaza ubavu usiku. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ya chumba ni mapatano ya watu wawili, na katika mapatano hayo mwenye ufunguo ndiye mwenye sauti.

Ndiyo maana unaona mji unasukumana. Aliyekuwa Sinza anasogea Kimara, wa Kimara anakwenda Mbezi, wa Mbezi anaingia Kibamba na hatimaye Kibaha. Wa Temeke anahamia Mbagala, wa Mbagala anatafuta Chamazi au anavuka hadi Vikindu. Wengine wameishia Chanika. Tunapenda kusema kupanga ni kuchagua. Kwa mwenye mshahara mdogo, kupanga kumekuwa kuchaguliwa.

Na huko kusogea kwenyewe kuna gharama yake. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu, sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake, na mara nyingi hela nyingine ya kukuzungusha hata kabla hujakiona chumba. Gari la kuhamishia vyombo halijalipwa. Mtu anayeweza kabisa kulipa Sh60,000 kila mwezi anaambiwa atoe zaidi ya Sh400,000 siku moja. Hapo ndipo ile mikopo tuliyoibatiza jina la kausha damu inapoingia nyumbani mwa mtu mwadilifu, na haitoki haraka.

Keti kwanza, uhesabu

Ndugu unayetafuta chumba, neno la kwanza ni kwako. Usione aibu. Kushindwa kodi si dhambi, na kuhama si kuanguka kiroho. Bwana wetu mwenyewe alimwambia mtu mmoja aliyetaka kumfuata kwamba mbweha na ndege wana makao, lakini Yeye hakuwa na pa kulaza kichwa (Luka 9:58). Unayemwomba anaijua hali hiyo.

Neno la pili ni hesabu. Katika Luka 14, Yesu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi akahesabu gharama. Nawe keti, chukua kalamu. Tuseme chumba unachokiacha ni Sh120,000 na cha pembezoni ni Sh50,000. Umeokoa Sh70,000. Sasa tuseme nauli imeongezeka Sh1,000 kwenda na Sh1,000 kurudi. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni Sh52,000. Ulichookoa kwa mwezi kimebaki Sh18,000, na dalali ameshachukua Sh50,000, ambazo utazirudisha baada ya karibu miezi mitatu. Bado hujahesabu maji ya kununua kwa ndoo, wala mtoto anayeamshwa saa kumi alfajiri ili awahi shule yake ya zamani.

Sisemi usihame. Kwa familia nyingine hesabu inatoka vizuri, hasa kama kazi haikulazimu kwenda mjini kila siku, au shule iko jirani. Nasema hesabu kabla hujalipa, si baada.

Kisha tumia macho. Chumba kikiwa rahisi kupita kiasi, waulize majirani maji ya mvua hufika wapi ukutani. Vyumba vya bondeni ni rahisi kwa sababu, na yule mtu aliyejenga mchangani katika Mathayo 7 hakujua kosa lake wakati wa jua. Usitoe kodi kabla hujamwona mwenye nyumba mwenyewe na kuthibitisha kwa mjumbe au serikali ya mtaa kwamba nyumba ni yake. Dai mkataba wa maandishi na risiti, hata kama mwenye nyumba ni mzee wa kanisa. Karatasi haivunji upendo. Huulinda.

Mwenye nyumba, nawe sikia

Neno hili nalisema kwa heshima, kwa sababu wenye nyumba wengi wa mjini kwetu si matajiri. Yupo mwalimu mstaafu aliyejenga vyumba vinne kwa kiinua mgongo chake. Yupo mjane ambaye kodi ya vyumba viwili ndiyo ada ya watoto na dawa zake za presha. Saruji imepanda kwao kama ilivyopanda kwa wengine. Mungu hawakatazi kupata haki yao.

Lakini Biblia ina maneno makali kwa anayegeuza paa la mwenzake kuwa mtego. Isaya 5:8 inawatangazia ole wanaounganisha nyumba kwa nyumba mpaka wengine hawabakiwi na nafasi. Katika Nehemia sura ya 5, watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba zao ili wapate nafaka, na waliowabana walikuwa ndugu zao wenyewe. Nehemia hakuishia kuwaombea. Aliwaita wakuu mbele ya watu, akawataka warudishe mashamba, mizabibu na nyumba, nao wakakubali. Na Kumbukumbu la Torati 24 inamwambia mdai asiingie ndani ya nyumba ya mdaiwa kuchukua rehani. Asimame nje, asubiri aletewe. Hata mwenye deni ana mlango, na mlango wake una heshima. Je, yule anayeng'oa bati au kufungia mpangaji vyombo ndani amewahi kusimama mbele ya andiko hilo?

Basi, ndugu mwenye nyumba unayekwenda kanisani, jipime kwa mambo madogo. Unapopandisha kodi, unampa mpangaji miezi ya kujipanga, au unamshtukiza mkataba ukiwa umebaki wiki mbili? Ukimpata mtu mwaminifu asiye na hela ya miezi sita, unaweza kupokea ya miezi miwili miwili? Na kuna hili la LUKU. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa wakati wa kununua umeme, na tangu Julai 2023 ni Sh1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa mwaka ni Sh18,000. Ni fedha ndogo, na ndiyo maana ni kipimo kizuri. Umewahi kuzikata kwenye kodi yake bila kuombwa?

Kanisa, boriti yako iko wapi?

Sasa tuje kwetu sote. Mfikirie mama mmoja wa kwaya. Kwa miaka minane hakukosa mazoezi ya Jumamosi. Kisha akaanza kuchelewa, akakosa Jumapili mbili, bahasha yake ya sadaka ikabaki mezani. Jumuiyani wakasema amepoa. Mwingine akanong'ona kwamba labda amehamia kwa nabii fulani. Ukweli ni kwamba amehamia Chanika. Nauli ya watu wanne kwenda na kurudi ibadani ni chakula cha siku mbili, na aliona haya kusema.

Tunampoteza mtu kwa sababu ya kodi, halafu tunamwombea arudi kwenye imani. Imani anayo. Kilichomshinda ni nauli.

Katika Matendo 18, Akila na Priskila walikuwa wamefika Korintho wakitokea Italia, kwa kuwa Kaisari Klaudio aliwaamuru Wayahudi wote waondoke Rumi. Wao wenyewe walikuwa watu waliohamishwa. Hata hivyo, Paulo alipofika mjini humo walimkaribisha nyumbani kwao, wakafanya kazi pamoja ya kushona mahema. Hawakungoja wapate nyumba kubwa. Na Mshunami wa 2 Wafalme 4 alimtengea Elisha chumba kidogo chenye kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Orodha hiyo si ndefu.

Boriti moja kwa kila mtu. Mwenye chumba kitupu akitangaze kwanza jumuiyani, ili muumini asilipe udalali kumpata muumini mwenzake. Parokia na usharika wenye ukumbi wa mamilioni uanzishe mfuko mdogo wa kumkopesha mtu kodi ya miezi ya mwanzo bila riba, naye arejeshe kidogo kidogo. Walawi 25 inakataza kumtoza riba ndugu aliyepungukiwa. Hiyo ni kazi ambayo kausha damu wanaifanya leo kwa sababu sisi hatuifanyi. Wanasheria tulio nao wasaidie kusoma mikataba. Mwenye gari la mizigo atoe safari moja. Huko kwetu milimani tunaujua msaragambo, siku kijiji kizima kinatoka kufanya kazi ya wote. Mjini nako uwezekano upo.

Mchungaji, padre, mwinjilisti, nanyi shukeni Yordani pamoja na watu. Muulizeni kila anayekoma kuja: unaishi wapi siku hizi? Anayehama mpeni barua ya utambulisho na namba ya simu ya jumuiya ya kule aendako, ili asifike mgeni. Na wakiwa wengi huko pembezoni, wafuateni.

Kwako uliyekwisha kuhama, kumbuka barua ya Yeremia 29 kwa watu waliochukuliwa Babeli. Hawakuchagua kwenda kule. Bado nabii aliwaandikia wajenge, wapande bustani, wautakie amani mji ule na kuuombea, kwa kuwa heri yao ilikuwa ndani ya heri ya mji huo. Jiunge na jumuiya ya hapo ulipo. Panda mchicha kama kuna kipande cha ardhi. Usiishi Chanika ukiomboleza Sinza kwa miaka 10.

Na kama chumba chako cha sasa kinakutia unyonge, soma mwisho wa Matendo ya Mitume. Paulo alikaa Rumi miaka miwili mizima katika nyumba ya kupanga. Akiwa humo aliwapokea wote waliomjia, akauhubiri ufalme wa Mungu bila kuzuiwa. Kitabu kinaishia hapo, ndani ya nyumba ya mpangaji.

Tuombe: Ee Bwana, wakumbuke wanaotafuta chumba wiki hii. Walainishe wenye nyumba, uwape riziki ya haki. Utuonyeshe boriti ambayo kila mmoja wetu anaweza kuibeba. Amina.

Leo ukitoka ibadani, mtafute yule ambaye hujamwona mwezi huu, umpigie simu. Usimuulize kwa nini haji. Muulize anaishi wapi.

Jumapili njema.