Intaneti ya Faiba Inaposumbua: Tatizo Liko Upande Gani?

Tunapopokea lalamiko kwamba intaneti ya nyumbani inasuasua, swali letu la kwanza huwa hili: je, ulipima kasi kwa waya au kwa waifai? Mtumiaji asiyeweza kulijibu hujikuta katikati ya mabishano: mtoa huduma anailaumu ruta, naye anaulaumu waya wa mtoa huduma, huku malipo ya mwezi yakiendelea.

Waya mwembamba wa kioo unaoingia nyumbani hadi kwenye kifaa cha faiba husimamiwa na mtoa huduma. Kuanzia hapo hadi kwenye simu na televisheni, waifai hutegemea pia nyumba yenyewe. Katika nyumba nyingi kifaa cha faiba na ruta ni kisanduku kimoja, na ndiyo maana pande hizi mbili huchanganywa.

Anza na taa. Iliyoandikwa LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kifaa. Kuzima na kuwasha mara kumi hakutasaidia. Tazama kama waya umekunjwa vikali au umebanwa na kabati, kwa kuwa kioo kikipindwa mno hupoteza mwanga. Kisha mpigie mtoa huduma. Usiuchomoe waya huo na kuchungulia ncha yake: mwanga wake hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuyadhuru.

Taa zikiwa sawa na kasi bado ni ndogo, unganisha kompyuta kwenye ruta kwa waya wa mtandao, ondoa vifaa vingine vyote, kisha pima. Rudia asubuhi, mchana na saa 3 usiku, wakati majirani wengi wako mtandaoni. Hapa tutoe tahadhari, maana wapo wanaodhani wamepunjwa kumbe hawajapunjwa: vifurushi huuzwa kwa megabiti, ilhali kompyuta nyingi huonyesha upakuaji kwa megabaiti, na megabaiti 1 ni megabiti 8. Kifurushi cha megabiti 40 kwa sekunde kitaonyesha takriban megabaiti 5.

Kasi ya waya ikilingana na kifurushi, tatizo ni la waifai. Itoe ruta nyuma ya televisheni, iweke juu na katikati ya nyumba. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hudhoofika haraka kwenye kuta za matofali. Chumba cha mbali kitumie gigahezi 2.4.

Kasi ya waya ikiwa ndogo, jaribu kwanza waya mwingine wa mtandao, kwani uliokatika ndani huweza kushusha kasi. Hali isipobadilika, andika tarehe, saa na matokeo ya kila kipimo, upige picha za skrini, kisha utoe taarifa kwa mtoa huduma na kudai namba ya kumbukumbu. Fundi akija na kukuambia ununue ruta nyingine, mwombe kwanza apime mwanga kwa kifaa chake mbele yako, nawe uandike alichokipata.

Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, lete lalamiko kwa Mamlaka pamoja na vipimo hivyo, nakala ya mkataba au risiti, na namba ya kumbukumbu. Bila namba hiyo, tutalazimika kukurudisha kwa mtoa huduma ukaanze upya.