Kikombe cha miaka 12 kisiwahadae wazazi

Juni 2011, jijini Paris, binti wa Kitunisia mwenye umri wa miaka 16, Ons Jabeur, alitwaa ubingwa wa wasichana chipukizi katika Mashindano ya Wazi ya Ufaransa. Hakuna binti wa Kiarabu aliyewahi kufika hapo kabla yake. Aliyemtazama siku ile angedhani kuwa baada ya mwaka mmoja au miwili angewatikisa wakubwa. Haikuwa hivyo. Ilimchukua hadi mwaka 2017 kuingia katika orodha ya wanawake 100 bora wa tenisi duniani, na aliposhika nafasi ya pili, Juni 2022, alikuwa anakaribia kutimiza miaka 28.

Kipaji hakikumpungukia katika miaka hiyo yote. Ufundi wa mkono wake ulijulikana tangu utotoni. Mwaka 2017 mumewe, Karim Kamoun, aliyekuwa mchezaji wa mchezo wa upanga, alianza kumsimamia mazoezi ya viungo. Mwaka 2020 akafika robo fainali nchini Australia, kisha akacheza fainali mbili za Wimbledon na moja ya Marekani. Hatudai kuwa mazoezi hayo peke yake ndiyo yaliyomfikisha huko. Hata hivyo, mzazi mwenye mtoto anayeshika raketi ana la kujifunza katika mpangilio huo wa miaka.

Tenisi humtaka mchezaji nguvu za namna ya pekee. Aghalabu pointi moja huisha chini ya sekunde 10, kisha huja pumziko lisilozidi sekunde 25, na hali hiyo hurudiwa kwa saa moja, mbili, hata tatu. Kwa hiyo, kumkimbiza mtoto kilomita nyingi kila alfajiri hakumtayarishi ipasavyo. Anahitaji kuanza mbio kwa ghafla, kusimama kwa ghafla, kugeuka, na kuyarudia hayo bila miguu kulegea. Hata ule mpira wa kuanzishia hautoki mkononi tu: nguvu huanzia miguuni, hupanda kiunoni, ndipo hufika begani. Kiuno kikiwa dhaifu, bega ndilo hulipa.

Hapa ndipo wazazi wengi, na makocha pia, hupotoka. Watoto wawili waliozaliwa mwaka mmoja, wakifika miaka 12 au 13, wanaweza kutofautiana sana kimaumbile, kwa kuwa mmoja amewahi kubalehe na mwenzake bado. Yule aliyewahi hupiga mpira kwa kishindo, hubeba vikombe, na huitwa mwenye kipaji. Mdogo huambiwa akae benchi. Kumbe kikombe kile kimepima urefu wa mifupa kuliko kilivyopima mchezo! Wakifika miaka 17 au 18, yule mdogo humfikia mwenzake kwa kimo, naye huenda amejifunza hila za uwanjani ambazo mwenzake hakuwahi kuzihitaji.

Aidha, katika miaka hiyo hiyo ya kukua kwa kasi, ncha za mifupa bado ni laini, na misuli huvutwa na mifupa inayorefuka. Magoti na visigino huuma. Mgongo wa chini, unaopindwa na kunyooshwa mamia ya mara kwa wiki wakati wa kuanzisha mpira, unaweza kupata ufa. Mtoto anayelalamikia mgongo kwa wiki kadhaa apelekwe kwa daktari, wala asiambiwe kuwa ni uvivu.

Waganga wa michezo nchini Marekani wana kipimo kinachokumbukika kwa urahisi: saa za mazoezi rasmi kwa wiki zisizidi miaka ya mtoto. Mwenye miaka 11 asivuke saa 11. Apate walau siku moja ya mapumziko kila wiki, na miezi miwili au mitatu kwa mwaka nje ya mchezo wake. Shirikisho la tenisi la dunia nalo, tangu mwaka 2012, limekataza mpira wa kawaida wa njano katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yake. Hutumika mipira ya polepole, na walio wadogo zaidi huchezea viwanja vifupi. Jennifer Capriati wa Marekani aliingizwa katika tenisi ya kulipwa mwaka 1990 kabla hajatimiza miaka 14, na baada ya miaka michache akauacha mchezo kwa muda. Baadaye wakuu wa tenisi ya wanawake waliweka kikomo cha mashindano kwa wasichana wadogo.

Na katika miezi ile ya mapumziko mtoto afanye nini? Aruke kamba, acheze mpira wa miguu, aogelee kama maji yapo karibu. Rede, ambayo mabinti zetu huicheza uani bila kulipiwa ada, ina kukwepa, kuinama, kugeuka na kukimbia ghafla, mambo ambayo kocha wa viungo angeyatafuta kwa gharama.