Mkono Ukikaza, Usimpe Mtu PIN: Somo Kutoka kwa Fundi wa Majahazi Madogo

Ukitembea kwenye vichochoro vya Lamu utawaona: majahazi madogo ya mbao yamepangwa mlangoni mwa duka, mengine marefu kama mkono wako, mengine yanatosha kwenye kiganja. Kila kitu kipo. Mlingoti, foromali, tanga la kitambaa, usukani, kamba nyembamba kama uzi wa kushonea. Na pale omoni, kila upande, kuna jicho. Ni duara dogo lililopakwa rangi, kama lile la majahazi makubwa yanayopita baharini.

Jicho hilo ndilo lililotuletea makala hii.

Mteja wetu mmoja anafanya kazi hiyo ya kuchonga na kupaka rangi majahazi madogo. Ametukubalia tusimulie yaliyompata, mradi tusitaje jina. Siku moja alipokea oda ya majahazi 12 kwa wiki mbili. Mnunuzi alisema atalipa yote siku ya kuchukua mzigo. Fundi akakopa pesa za mbao, akaanza kazi. Wiki ya kwanza alienda pole pole kwa sababu kulikuwa na kazi nyingine. Wiki ya pili akawa anakesha.

Usiku wa mwisho, akiwa kwenye jicho la jahazi la tisa, vidole vikakaza. Kidole gumba kilijikunja ndani ya kiganja na hakikutaka kunyooka. Brashi ikaanguka. Akaona atapumzika dakika tano. Alipoishika tena, mkono ukakaza tena, safari hii hadi juu ya kifundo.

Asubuhi ilibidi amlipe muuza rangi kwa simu. Alama ya kidole ilikataa, maana ncha za vidole zilikuwa zimelika kwa msasa na kujaa gundi. Kubonyeza PIN nako hakuwezi. Mtoto wa nduguye aliyekuwa karibu akamwambia, "Ami, nitajie PIN nikubonyezee." Akaitaja, kwa sauti, duka likiwa na watu.

Siku tatu baadaye aliiacha simu ikichaji dukani. Aliporudi, shilingi 6,300 zilikuwa zimetoka kwa miamala mitatu. Hadi leo hajui ni nani aliyezitoa.

"Pesa nitapata nyingine," alituambia. "Lililoniuma ni kwamba mwezi mzima nilikuwa namwangalia yule kijana kama mwizi, na huenda hana kosa."

Tumeona tuiandike kwa sababu mambo haya mawili, mkono na PIN, yanawakuta wengi. Wachonga mawe wa Tabaka kule Kisii, washona shanga, wasusi, mafundi simu, hata mwanafunzi anayeunda matatu ya kadibodi. Ukifanya kazi ndogo ndogo za vidole, hii ni yako.

Kwa nini mkono unakaza?

Watu wengi hudhani kazi nzito ndiyo inayoumiza. Lakini kushika kitu chembamba kwa muda mrefu bila kulegeza kunachosha misuli kweli kweli. Brashi ya kupaka jicho ni nyembamba kuliko penseli. Ili isiteleze, unaibana. Ukibana, misuli inabaki imekaza na haipati nafasi ya kupumua. Misuli ikichoka hivyo, inaweza kujikaza yenyewe bila ruhusa yako.

Ongeza na haya: kisu butu kinachokulazimisha kusukuma kwa nguvu, taa hafifu inayokufanya uiname, kifundo kilichopinda na kiwiko kinachoning'inia hewani. Basi mkono unafanya kazi mbili, ya kuchonga na ya kujibeba.

Ukikaza sasa hivi, fanya nini?

Weka chini ulichoshika. Usilazimishe. Tumia mkono ule mwingine kunyoosha vidole taratibu, kimoja kimoja, hadi kiganja kifunguke. Shikilia hapo kwa muda huku ukivuta pumzi. Kisha ukande msuli ulio chini ya kidole gumba na ule wa mkono chini ya kiwiko. Maji ya uvuguvugu au kitambaa chenye joto husaidia kulegeza. Kunywa maji pia, hasa kama umeshinda kwenye joto la Pwani tangu asubuhi na chai moja tu.

Usirudi kwenye brashi dakika hiyo hiyo. Mkono uliokaza mara moja hukaza tena haraka, kama ulivyosikia kwa fundi wetu.

Namna ya kuuzuia

Haya ndiyo mambo ambayo fundi wetu anayafanya siku hizi, na mengi hayana gharama:

*Nenepesha mpini.* Zungushia brashi na kisu kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli au kitambaa, kisha funga kwa uzi. Mpini mnene unahitaji nguvu kidogo kuushika.

*Usishike jahazi lenyewe.* Ligandishe kwa muda juu ya kifuniko cha chupa au kipande cha mbao, ushike hicho. Mkono wa kushoto nao unachoka, tunausahau tu.

*Pumzisha viwiko mezani.* Ukipaka sehemu ndogo kama jicho, egemeza mkono wa brashi kwenye ule mkono mwingine. Inatulia zaidi na hubani sana.

*Noa.* Kisu chenye makali kinaingia bila kusukumwa. Patasi butu ni adui wa mkono.

*Badilisha kazi.* Usipake macho 24 kwa mkupuo. Paka manne, kisha kata tanga, kisha rudi. Kila baada ya nusu saa hivi, simama, fungua na ufunge kiganja, zungusha mabega.

*Simu nayo ni kazi.* Ukiwa kwenye mapumziko halafu unachati kwa kidole gumba kile kile, hujapumzika. Hapo umehamisha kazi tu.

Ganzi si uchovu

Kukaza kunakoisha ukipumzika ni jambo moja. Ganzi ni jambo jingine. Ukianza kuhisi ganzi au kuchomwachomwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku ukiwa umelala, huenda mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo unabanwa. Ukiona unaangusha vitu, au nyama ya chini ya kidole gumba inapungua, usingoje. Nenda hospitali, uliza kama unahitaji kumwona mtaalamu wa fiziotherapia. Likishughulikiwa mapema, mara nyingi hutulia kwa kupumzisha mkono na kuvaa kifaa cha kushikilia kifundo usiku. Likiachwa sana, udhaifu unaweza kubaki.

Hapa ndipo akiba inaingia. SHA ilichukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, na usajili unafanyika kwa kupiga *147#. Mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa sisi tusio na mwajiri unahesabiwa kwa mwaka. Hiyo ni 3,600 au zaidi, kulingana na kipato cha nyumba yako. Kuitoa yote siku moja ni ngumu. Lakini ukiweka pembeni shilingi 100 kila unapouza jahazi, majahazi 36 yamekulipia mwaka. Iweke kwenye akaunti ya akiba, si kwenye salio la matumizi. Pesa iliyo kwenye salio tunaijua, huisha bila kuaga.

Oda ya haraka ndiyo inayokaza mkono

Tulipomsikiliza fundi vizuri, tuligundua kwamba mkono wake haukuanza kuumia usiku ule. Ulianza siku alipokubali kulipwa yote mwishoni. Bila pesa mkononi alikopa, akafanya kazi nyingine kwanza ili ale, na oda kubwa ikasukumwa hadi siku za mwisho.

Sasa analipwa kwa awamu. Tuseme oda ni ya majahazi 10 kwa shilingi 2,500 kila moja. Jumla ni 25,000. Anagawa hivi:

- Arbuni, au dipoziti kama wengi wanavyoiita: 10,000 kabla hajagusa mbao.
- Nusu ya kazi: 7,500 baada ya kumtumia mnunuzi picha za majahazi matano yaliyokamilika.
- Kuchukua mzigo: 7,500.

Malipo yote yanaingia kwenye nambari ya biashara, si laini yake binafsi. Kila awamu ina ujumbe wake wa kuthibitisha, kwa hiyo hakuna kubishana nani alilipa nini. Na kwa sababu nusu ya kazi ina malipo yake, ana sababu ya kuifikia mapema badala ya kukesha mwishoni. Mnunuzi akikataa kabisa kutoa arbuni, hiyo pia ni habari. Bora uijue kabla hujanunua mbao.

Kabla ya kutaja tarehe, hesabu siku za mkono wako. Kama jahazi moja ni siku mbili za kazi, kumi ni siku 20. Ongeza siku za mapumziko. Ukimwambia mnunuzi wiki mbili, umeahidi mkono usio nao.

Na siku ambayo vidole vimekataa?

PIN yako ibaki yako. Hata kwa mtoto wa ndugu, hata kwa mke au mume, hata kwa dakika moja. Usiitaje kwa sauti, usiiandike nyuma ya simu. Sisi wenyewe hatutakupigia kukuuliza PIN, na anayekuuliza akidai ametoka kwetu ni tapeli.

Badala yake:

1. Subiri. Mkono uliokaza kwa kawaida hulegea baada ya muda. Muuza rangi anaweza kungoja robo saa.
2. Weka simu mezani, bonyeza kwa kidole cha mkono mwingine. Ni pole pole, lakini inafanya kazi.
3. Osha na ukaushe vidole kabla ya kutumia alama ya kidole. Sajili pia kidole kisichoguswa sana na msasa, kama kidole kidogo cha mkono wa pili.
4. Kama una akaunti ya biashara, tuulize kuhusu kumsajili msaidizi. Yeye atatumia laini yake na PIN yake, na utaona kila alichofanya.

Ikiwa umeshaitaja PIN yako kwa mtu, usione haya. Ibadilishe leo, sasa hivi, kupitia sehemu ya akaunti yako kwenye menyu. Ukiona muamala usioujua, wasiliana na huduma kwa wateja mara moja na uripoti polisi. Kadiri unavyochelewa, ndivyo pesa inavyokuwa imefika mbali.

Fundi wetu alibadilisha yake. Kijana bado yuko naye dukani, na sasa ndiye msaidizi aliyesajiliwa wa biashara. Mwezi uliopita walimaliza oda ya majahazi manane, siku moja kabla ya tarehe. Macho yote 16 aliyapaka mwenyewe, manne manne, mchana.